Ndoo Niliyoisukuma kwa Mguu

Harufu ya maganda ya matoke yaliyochacha hunichefua hadi leo. Juzi niliikuta sokoni Bukoto, nikasimama nimeziba pua, mtu mzima mimi, na uso wa Mama Furaha ukanijia palepale.

Tulikaa Mbuya, hapa Kampala, baba akiwa mwanajeshi. Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, alifuga mbuzi wawili chini ya kilima, na kila alasiri alipita milangoni kukusanya maganda. Majirani walimwita "wa maganda". Nami nilimwita hivyohivyo, tena kwa kukunja pua, maana gunia lake lilimchuruzikia maji meusi hadi kisiginoni. Mama yangu peke yake alitoka nje, akamkabidhi ndoo kwa mikono miwili na kumwuliza, "Mama Furaha, pole na kazi. Ile mbuzi nyeupe imezaa?" Nilikuwa nikijiuliza mbuzi wa watu anamhusu nini.

Siku moja Mama hayupo, Mama Furaha akabisha. Niliziba pua, nikaisukuma ndoo kwa mguu hadi nje. "Chukua, uende! Unanuka!"

Alimwaga maganda guniani, akairudisha ndoo mlangoni taratibu, akaondoka.

Hakurudi tena. Siku ya tano ndoo ilijaa funza wanene, weupe, wakipandana. Mama aliponibana nikasema ukweli. Hakunipiga, na niwaambie, heri angenipiga. Alinitwika ile ndoo, tukateremka kilima, funza mmoja akinitambaa shingoni.

Mama aliomba radhi, akidhani mbuzi wamelala njaa kwa sababu yetu. Mama Furaha akatikisa kichwa.

"Mama Akelo, maganda iko mu manyumba yote," akasema. "Kwako nilikuwa nakuja juu ya salamu. Hapa Kampala ni weye tu unaniitaka kwa jina."

Mama akanitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema neno. Nilifungua mdomo, nikatapika miguuni pa Mama Furaha.

Alichota maji, akaninawisha uso kwa mikono ileile ya maganda. "Pole, Akelo," akasema. Nyuma yake mbuzi mweupe alikuwa akinyonyesha vitoto viwili. Sikuuliza hata vimezaliwa lini.

Kwa miaka mingi niliwasingizia funza kichefuchefu hicho. Lakini funza walitoka kwa maji siku ileile. Lile "unanuka" ndilo lililobaki mdomoni mwangu, na kila nikilikumbuka natamani kutema mate.