Hewa Iliyozunguka Kichwa cha Mwalimu

Mimi wananiita Pilipili, na sikatai. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, kwa ile mashine ya sumaku ambayo mgonjwa analazwa ndani yake huku inagonga kama karakana ya bati. Lakini habari hii si yangu. Ni ya fundi wetu wa kompyuta, mwanamke tunayemwita Polepole. Jina hilo nilimpa mimi, na wala halikuwa la kumsifu.

Jamani, yule dada alikuwa ananimaliza! Ukimuuliza saa ngapi, kwanza anaiangalia saa, kisha anakuangalia wewe, halafu ndiyo anakujibu. Chakula cha mchana anakula mpaka wafagiaji wanainua viti. Baba yake alikuwa fundi redio, na alimlea kwa neno moja: kitu kikiharibika usikipige, kiulize. Mimi ni wa kupiga. Printa ya ofisini kwetu ina ufa ubavuni, na ufa ule ni wa ngumi yangu. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa chumba kimoja, yeye anaziuliza kompyuta na mimi nazitukana, na kazi zinakwenda hivyo hivyo.

Siku ninayoisema, asubuhi aliletwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke kijana, ameanguka kifafa mbele ya wanafunzi wake akiwa anaandika ubaoni. Alikuwa hajawahi kuanguka maishani. Mama yake alikuja naye, kavaa kanga moja juu ya nguo za kulalia, maana aliitwa akiwa bado kitandani. Nikampiga picha mgonjwa. Nilipoziona tu, nikauona: uvimbe ndani ya ubongo, mviringo, umebana vibaya; uko upande gani, wala sikushika kichwani. Akaanguka tena tukiwa tunamtoa kwenye mashine.

Daktari wa upasuaji, niliyempa habari kwa simu, akasema huyu hafiki kesho, anafunguliwa leo leo. Yule daktari wa kusoma picha na kuandika majibu alikuwa safarini. "Sina haja ya majibu," akasema mpasuaji, "nipeni kichwa kizima. Nataka kukigeuza, nione mishipa mikubwa imepita wapi, nijue pa kuingilia bila kuikata." Maana yake picha zote zile bapa, zilizokatwa kama mkate wa vipande, zipangwe na programu ziwe kichwa kimoja kwenye skrini.

Hapo ndipo shida ilipotukuta. Kompyuta kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imeungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Iliyobaki ilikuwa ile kuukuu ya kuandikishia wagonjwa, ambayo kumbukumbu yake ni ndogo hata barua ndefu inaisumbua. Nafasi za kuiongezea kumbukumbu zilikuwa zimejaa, na za aina yake hazitengenezwi tena. Polepole akaiwekea ile programu ya ubongo, akaipa picha za mwalimu, tukakaa kutazama mstari wa kijani ukijaa.

Ukafika katikati, programu ikajifunga. Pap! Hakuna ujumbe, hakuna samahani. Akafungua tena, ikajifunga pale pale. Mara ya tatu vile vile.

"Kuna picha mbovu katikati," nikasema. "Itoe."

Alifungua kidirisha kidogo kinachoonyesha kumbukumbu inavyoliwa, akaanza upya, akaniambia nitazame pale. Kumbe picha hazikuwa na ubaya wowote. Programu ilikuwa inazipokea vizuri, halafu inataka kutengeneza nakala ya pili ya kichwa kizima kabla haijakilainisha, na kumbukumbu inaisha. "Haiumwi, kaka," akasema. "Ina njaa."

"Basi ilishe, dada, mtu anakufa!"

Akafunga kila kilichokuwa wazi. Akazima kinga ya virusi. Akaiazima kompyuta nafasi kwenye diski ili iwe kama kumbukumbu. Mstari ukatambaa kidogo, ikagoma tena. Simu ikalia: nesi wa chumba cha upasuaji anauliza picha ziko wapi. Nikamjibu jibu ambalo siwezi kulirudia mbele ya watoto. Dirishani kwetu nilikuwa namwona mama wa mwalimu kwenye benchi la korido, ameshika pochi ya mwanawe kwa mikono miwili.

Hapo Polepole akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri. Picha ya kichwa si kichwa tu. Kichwa kimezungukwa na hewa, weusi mtupu pande zote, na kompyuta inaubeba weusi ule kwa uzito ule ule wa ubongo. Akazihamishia picha kwenye kiprogramu kingine chepesi, akakata hewa yote, akabakiza ngozi na kilichomo ndani. Akaziingiza. Mstari ukapita katikati, ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho. Kichwa cha mwalimu kikatokea kwenye skrini, kinazunguka, mishipa myekundu na uvimbe wa njano. Nilimkumbatia yule dada mpaka akakohoa. Tukachapa picha za kila upande, nikazipeleka mwenyewe mbio. Mgonjwa alikuwa ameshaingizwa ndani.

Niliporudi nikakaa, nikavuta pumzi, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika nikaanza kulalamika. "Kazi nzuri, lakini kidonge changu umekipeleka wapi?"

Kidonge hicho nikieleze. Hospitalini kwetu, kabla hatujamwingiza mgonjwa wa kichwa kwenye mashine, tunambandika kidonge cha mafuta ya samaki kwa plasta, karibu na sikio la kulia. Kwenye picha kinatokea kidoa cheupe. Sababu ni kwamba programu hizi hazipatani: nyingine zinamtazama mgonjwa kama umesimama miguuni pake, nyingine kama umesimama juu ya kichwa chake. Ukihamisha picha kutoka huku kwenda kule, kulia kunaweza kuwa kushoto, na ubongo hauna alama ya kukwambia. Pande zake mbili zinafanana kama pacha. Kidonge hakidanganyi. Kinakaa nje ya ngozi, kwenye hewa.

Kwenye hewa, ambayo tulikuwa tumeikata yote.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Polepole hakungoja kabla ya kujibu. "Washa mashine yako," akasema. "Nionyeshe za mwanzo."

Nikazifungua kwenye skrini ya mashine ya sumaku, zile bapa zenye herufi zake za kulia na kushoto, na kidonge chake. Uvimbe kulia. Tukatazama nakala iliyobaki kwenye printa. Uvimbe kushoto.

Mungu wangu. Nilishika simu ya chumba cha upasuaji, inaita, inaita, hakuna anayepokea. Mikono yote ilikuwa kazini. Nilipogeuka kumwambia, kiti chake kilikuwa kitupu na ndala zake zimebaki chini ya meza. Polepole alikuwa anakimbia koridoni peku, mwanamke ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Nikamfuata na tumbo langu hili. Akapita mbele ya mama wa mwalimu bila kugeuza shingo, akasukuma mlango ambao mimi na yeye haturuhusiwi kuusukuma.

Nilifika nikihema, nikamwona amesimama kizingitini, kiganja kimeziba mdomo na pua maana hakuwa na barakoa. Mwalimu alikuwa amelala, nusu ya kichwa imenyolewa, na mstari wa wino umeshachorwa. Upande wa kushoto. Kisu kilikuwa mkononi.

"Daktari, usikate. Nimekigeuza kichwa."

"Umesemaje?"

"Picha niliyokutengenezea imegeuka kama ya kwenye kioo. Uvimbe uko kulia. Kosa ni langu."

Daktari aliuangalia mstari wake wa wino, akakiweka kisu kwenye trei. Yule mtaalamu wa usingizi akasema mgonjwa hawezi kulazwa hivi muda mrefu, shinikizo kichwani linapanda. "Niletee iliyo sahihi," daktari akasema, sauti ya chini kabisa. "Na ukiileta, uwe unajua ni upande upi."

Tukarudi. Mimi nikasema, "Dada, si uigeuze tu hiyo iliyopo? Kulia kuwe kushoto, tumemaliza."

"Nimeshakisia mara moja leo," akasema. "Sikisii tena. Nataka nikione kidonge kwa macho yangu."

Lakini kidonge hakiji bila hewa, na hewa ndiyo iliyokuwa inaiua programu. Akaanza upya kutoka picha za mwanzo, na sasa akakiagiza kile kiprogramu kimtazame mgonjwa kutoka miguuni, kama mashine yangu. Safari hii alikata hewa ya juu, ya nyuma na ya kushoto; ya kulia akaibakiza, kiasi cha upana wa kidole. Mstari wa kijani ukaenda. Ukafika karibu na mwisho. Pap! ikajifunga.

Nikainua ngumi. Naapa ile kompyuta ingekuwa vipande. Akanishika mkono bila kuniangalia. "Kidevu," akasema. "Shingo. Daktari haendi huko." Akakata kidevu, akakata shingo, akakata meno ya mwalimu wa watu yote. Akazima hata ile picha ya maua inayokaa nyuma ya skrini. Kipanya chake kilikuwa kimelowa jasho. Akabonyeza, kisha akafumba macho, akaniambia nitazame kwa niaba yake.

Nikatazama. Mstari ukatambaa, ukasimama. Diski ikakoroma, ikakoroma, ukatambaa tena.

"Kimekuja," nikasema.

"Kidonge?"

"Kipo. Kulia. Uvimbe uko upande wake."

Tulizilinganisha na picha za mwanzo, moja baada ya nyingine, polepole, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha. Kisha tukazipeleka. Daktari alizipokea mlangoni, akauliza kidonge kiko wapi, akaonyeshwa. Akamtuma msaidizi wake akazione za mwanzo kwenye mashine yangu, naye aliporudi na kuitikia kwa kichwa, mlango ukafungwa. Basi. Kazi yetu ikawa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa cha mikono ya watu wengine.

Nilidhani tunarudi kukaa. Polepole hakurudi. Alisimama koridoni akimtazama yule mama kwenye benchi.

"Usifanye hivyo," nikamnong'oneza. "Una wazimu? Hakuna aliyekatwa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Amenionaje nikipita hapa?" akaniuliza. "Unafikiri amekaa anawaza nini?"

Akaenda. Nilimfuata kwa sababu nilimwogopea, na kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na sikuwa na pa kwenda. Akapiga goti mbele ya benchi, akamwambia kila kitu. Kwamba yeye ndiye fundi. Kwamba alikata picha ili kompyuta iweze, akakata na alama. Kwamba mwanawe alichorwa wino upande usio wake. Kwamba sasa imerekebishwa na bado wamo ndani. Hakujitetea hata kwa neno moja. Hakusema kompyuta ni mbovu, na ilikuwa mbovu!

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Mimi nilisubiri kofi. Mama ana haki ya kofi, nilijiambia, na likija sitaingilia.

"Nilipokuona unakimbia," yule mama akasema, "nilijua amekufa. Nimekaa hapa namlilia kimyakimya, nasubiri mtu wa kuja kuniambia."

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Kaa hapa." Akasogea, akampigia benchi kwa kiganja. "Kaa. Hutaondoka mpaka atoke."

Polepole akakaa, miguu peku kwenye sakafu baridi. Yule mama akamshika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mtoto sokoni, na wakakaa hivyo mpaka jua likahama dirisha. Mimi nilikuwa naenda na kurudi, nawafokea watu wasio na hatia.

Daktari alipotoka, kofia mkononi, akatafuta kwa macho. "Mama wa mgonjwa?"

Yule mama akainua mkono ulioshika pochi. "Sema tu, baba," akasema. "Tunasikia."

"Uvimbe umetoka wote. Ameamka. Nimemwambia anibane vidole, amenibana kwa mikono yote miwili, na anakuulizia wewe."

Mimi, Pilipili, nililia pale mbele ya watu na sikujificha. Polepole alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Mama alilia pia, akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Lakini kile kifundo cha mkono hakukiachia. Akamgeukia.

"Sasa nenda kavae viatu, ukapumzike," akasema. "Na akipata nguvu, uje umwambie mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Kichwa ni chake."

"Nitakuja, mama," Polepole akasema, na hakungoja hata kidogo kabla ya kujibu.