Mama Feza alivyokataa kubebwa baada ya fainali ya tenisi ya viti, Kindu

Wakuu, salaam. Miaka yote humu nasoma tu, leo nami niweke changu. Siongezi chumvi, niliyoyaona ndiyo haya.

Ni Kindu, enzi za Zaïre ya chama kimoja, kila mtu akiitwa Citoyen, yaani mwananchi.

Nilikuwa fundi wa baiskeli. Kituo cha walemavu kilipopata viti vya tenisi, niliitwa kuangalia magurudumu. Ndipo nikamjua Mama Feza.

Mshonaji wa Alunguli, ng'ambo ya mto, polio ilimpata akiwa mtoto. Kila mazoezi alivuka Lualaba kwa mtumbwi, kiti kimefungwa kamba mbele yake.

Kwa wasioujua mchezo: mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili. Mengine yote ni tenisi ileile. Ila mikono inayopiga ndiyo hiyohiyo inayosukuma. Jaribu uone.

Basi likaja shindano kubwa, Bukavu, Kisangani na Kalemie wote kwetu. Siku tatu nilikaa pembeni ya uwanja na spana zangu.

Siku ya kwanza Mama Feza alishinda kirahisi. Ya pili viganja vilipasuka, nikamfunga kwa kitambaa, akashinda hivyohivyo.

Fainali akakutana na dada wa Bukavu. Mabega yale, wakuu! Seti ya kwanza tukapigwa vibaya.

Seti ya pili tunaongoza kidogo, PAA! Tairi la Mama Feza.

Refa akaangalia saa, akasema sheria haina muda wa matengenezo. Nikajua imeisha.

Yule dada wa Bukavu akaweka raketi mapajani. "Tungoje," akamwambia refa. "Sikutoka Bukavu kuja kushinda pneu iliyopasuka."

Nilibadilisha tyubu. Mpaka leo sijawahi kufanya kazi ile haraka vile.

Mama Feza alichukua seti ile, na ya tatu. Pointi ya mwisho mpira ulidunda mara ya pili karibu kabisa na ukuta, akaufuata, akaurudisha akiwa ameupa uwanja mgongo. Mimi nililia. Semeni mtakavyo.

Sasa kombe. Komisheri wa zone, mkuu wa wilaya yetu, alikuwa juu ya tribune, jukwaa la wakubwa, ngazi kama kumi. Askari wawili wakaja kumnyanyua Mama Feza.

"Muniache," akasema. "Mi siko gunia ya muchele. Kombe nitaipokelea hapa chini."

Wale mliokua nyakati zile mnajua kumngojesha mkubwa ni kitu gani.

Nikainama sikioni kwake. "Mama Feza, kubali tu. Dakika moja."

Akafunga breki za kiti.

Komisheri akasimama. Akarekebisha abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Akaanza kushuka, ngazi moja moja, mpaka mbele ya kiti, akampa kombe kwa mikono miwili.

"Citoyenne, uko na mikono ya nguvu."

"Hii mikono njo miguu yangu, Citoyen Komisheri."

Komisheri akacheka! Ndipo uwanja mzima ukalipuka, na aliyepiga kelele kuliko wote ni yule dada wa Bukavu.

Wakuu, nilichojifunza kinanihusu mimi. Siku tatu namsifu, halafu nilipopata hofu nikamwomba ajifanye mdogo. Nilimwomba radhi kesho yake. Akaniambia nimkazie spoki.

Kama humu yupo mtu wa Kindu aliyekuwa uwanjani siku ile, aje anisahihishe. Na wewe, ungemnong'oneza nini?