Baba mkwe wa Buffalo alitaka kulungu na kichwa chake, sheria za majimbo zikanikalia kooni

Wakuu, nawasalimu kutoka Ohio kwenye baridi ya kukausha masikio.

Miaka yote nimekuwa humu nasoma nyuzi za wenzangu kimya kimya. Leo ni zamu yangu. Kisa ni changu mwenyewe, sijatia chumvi. Pilipili kidogo labda, pale nitakapofika kwa baba mkwe.

Mimi ni Mchaga, naishi Westerville, kaskazini mwa Columbus, nafanya kazi warehouse. Mchumba wangu anaitwa Neema, Mkongo, Mbembe wa Fizi. Wazazi wake wako Buffalo, New York.

Mzee wake alikuwa hajanikataa, na hajanikubali. Kila nikiomba siku ya kuleta wazee wangu, jibu lilikuwa moja tu: "Tutaona."

Wakuu, "tutaona" ya baba mkwe ni mbaya kuliko hapana. Hapana unalia, unanyamaza, unaendelea na maisha. Tutaona inakuweka mlangoni na viatu mkononi.

Neema naye alishaanza kuchoka. Aliniambia wazi kwamba hataolewa bila baraka ya baba yake, na hawezi kusubiri milele. Nilikonda.

Sasa sikia. Neema ana binamu yake anaitwa Elie, yuko Louisville, Kentucky, huko South End. Anafanya kazi kiwandani, na mzungu mwenzake wa kazini ana shamba nje ya mji lenye pori. Kila season ya kuwinda deer (sisi tunamwita kulungu) Elie anakwenda. Akanialika. Nikasoma ile kozi ya usalama ya wawindaji, nikakata license ya mtu wa nje ya jimbo, nikajiona mwanaume.

Neema akamwambia baba yake kwenye simu kwamba nakwenda kuwinda. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee akaomba kuongea na mimi.

"Weye, kijana. Ni kweli unaenda mu pori?"

"Kweli mzee."

"Bon. Ukiua, uniletee. Lakini ilete na kichwa. Kwetu nyama ya pori inafika na kichwa, njo wazee wanagawa. Kama haina kichwa, ile ni nyama ya duka."

(Njo yao ni ndipo au ndiyo yetu.) Sisi Wachaga tunayajua haya. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea mgao watu wanaweza wasisalimiane mpaka msiba. Kwa hiyo sikuuliza wala sikufikiri.

"Mzee, nitakuletea mzima mzima. Na kichwa chake, na pembe zake!"

Nilimsikia anacheka. Baba mkwe anacheka! Nikalala kama mtoto.

Tukaingia porini na Elie alfajiri, mimi nimebeba bunduki yake aliyoniazima. Kule lazima uvae fulana na kofia ya rangi ya machungwa inayowaka, kama mafundi wa barabara. Nikamuuliza Elie, sasa mnyama si atatuona? Akaniambia kulungu haoni hiyo rangi vizuri, anayetakiwa kukuona ni mwindaji mwenzako asije akakudhania wewe ndiye nyama.

Tukakaa. Baridi inapanda kutoka miguuni. Majani yamepukutika yote, chini makavu, hata kindi akipita unadhani ni nyati.

Mara Elie akanigusa goti.

Mbele yetu kulungu dume, shingo nene, pembe zimesimama. Anatembea taratibu kama mwenye shamba. Wakuu, moyo ulinidunda mpaka nikaogopa atausikia! Elie akanong'ona, "Pumua kwanza." Nikapumua. Nikafyatua.

Akaruka, akakimbia kidogo, akaanguka.

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga hata timu yangu ikifunga. Nilimkumbatia Elie mpaka kofia ikamdondoka. Tukapiga magoti tukamshukuru Mungu. Elie akapiga simu ya kuripoti mnyama kwa watu wa wanyamapori kama sheria ya Kentucky inavyotaka, tukamtoa matumbo palepale.

Nikaanza kupanga viti vya gari ili kulungu aenee. Elie ananiangalia tu.

"Uko unafanya nini?"

"Namlaza. Namsafirisha hivihivi mpaka Buffalo."

"Haiwezekane, ndugu. Kichwa haipite."

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu.

Kuna ugonjwa wa kulungu unaokaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, hauna dawa, na majimbo yanauogopa. Kwa hiyo ukiua Kentucky, Ohio hawataki uingie kwao na kichwa wala uti wa mgongo. New York nao hawataki. Nyama iliyotolewa mifupa, sawa. Ngozi, sawa. Kichwa, hapana.

Nikasema basi ningewinda kwangu Ohio. Akacheka. Ohio season ya bunduki ilikuwa bado, wao wanafungua baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwisho wa Novemba, na bunduki yake ile kule hairuhusiwi, wana aina zao za risasi. Na hata ningepata wa Ohio, New York bado wangekataa kichwa chake. Kumfikishia mzee wa Buffalo kulungu mwenye kichwa, ilibidi niwinde hukohuko New York, kwa license ya New York.

Nchi moja, wakuu! Unavuka mto tu, sheria nyingine.

Nitasema ukweli, shetani alinipitia. Nikamwambia Elie tukifunike kwa blanketi, nani atajua? Elie akaniuliza, "Na ile dossier yako ya uraia?" Ninasubiri kuitwa kwenye interview ya uraia, halafu nikamatwe na kichwa cha mnyama kwenye buti? Mama yangu Moshi angenielewa kweli?

Tukatoa mifupa yote. Kichwa tukakiacha kwenye freezer ya Elie. Nikaendesha kurudi Ohio na cooler iliyojaa steki nzuri, na roho imesinyaa.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Buffalo na Neema. Mzee amevaa koti na tai. Ameita wazee wenzake wawili wa kanisani.

Akafungua cooler mwenyewe. Akapekua. Akapekua tena mpaka chini kwenye barafu.

"Kichwa iko wapi?"

Nikaeleza. Ugonjwa, Ohio, New York, sheria. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyojisikia muongo.

"Donc, serikali njo imekula kichwa yangu?"

Wazee wale wakatazama zulia. Neema alikuwa amesimama mlango wa jikoni, macho yamejaa machozi. Niliumia, wakuu. Nilijua nikitoka pale na "tutaona" nyingine, nitarudi Columbus na mchumba asiye wangu tena.

"Mzee," nikasema, "ningeweza kukificha. Sikutaka kuja kuomba binti kwako kwa kitu cha wizi. Kichwa chako kipo, kiko Louisville."

"Iko? Hamukutupa?"

Nikampigia Elie video. Akafungua freezer, akakinyanyua kwa pembe. Mzee akachukua simu, akaisogeza karibu na uso. Akatazama sana. Akawaonyesha wenzake. Mmoja akapiga mluzi.

Kisha akanirudishia simu, akalegeza tai.

"Bon. Kichwa haiwezi pita. Lakini mutu anaweza pita. Miye niko na passport ya Amerika. Tutaenda lini?"

Wakuu, nilimwangalia Neema, Neema akaniangalia. Mama yake akapiga kigelegele huko jikoni, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote!

Wiki ya Thanksgiving nikawaendesha wote mpaka Louisville. Mzee alikaa mbele na mimi na hakufunga mdomo njia nzima. Kumbe kule Fizi alikuwa mwindaji wa nyavu na mbwa, kijiji kizima kinamjua. Tangu vita vimtoe, kambini mpaka Buffalo, hakuna aliyewahi kumletea mnyama wa porini. Nilisikia uchungu, nikasikia na heshima.

Elie alikuwa amepeleka sampuli ya shingo ya kulungu kwa watu wa wanyamapori, na majibu ya kipimo cha ule ugonjwa yalikuwa yametoka safi. Ubongo hata hivyo hatukuugusa. Mzee alibabua kichwa mwenyewe nyuma ya nyumba ya Elie, akachemsha, akakata ulimi na mashavu, akagawa kwa mpangilio wake. Kipande changu alinipa kwa mkono wake.

Nilisubiri hotuba. Hakuna. Alikula akamaliza, akafuta kisu, ndipo akasema huku haniangalii:

"Ndoa ikuwe mwezi ya tano. Ya kumi na moja hapana. Mwezi ya kumi na moja, miye na weye tutakuwa mu pori."

Nikalia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: kabla hujamuahidi mkwe nyama, soma sheria ya jimbo unalowinda, unalopita na unalofikia, maana kila moja lina yake. Na sheria ikikubana, kaa upande wa ukweli hata kama unatetemeka. Mzee mwenye akili atakusogelea.

Wawindaji wa majimbo mengine mko wapi? Semeni kwenu mnaruhusiwa nini. Na wenye wakwe wagumu njooni, leo nina moyo wa kusikiliza.