Sahani Kumi na Moja za Krismasi

Sisi ni watoto tisa wa baba mmoja na mama mmoja, na mimi ni wa nne. Wanane waliondoka Lindi, mimi nikabaki. Anayebaki ndiye anayejua bati linavuja wapi na ufunguo wa stoo umefichwa wapi, kwa hiyo kwetu ndiye aliyepewa kazi ya kupanga likizo.

Kila Desemba nyumba yetu ya Mtanda, yenye vyumba vinne, hupokea watu zaidi ya thelathini. Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Niliishia darasa la saba, na mengine nimejisomea mwenyewe, kwa hiyo nina mazoea ya kuandika jambo ili nilielewe. Ninalo daftari la likizo. Limeandikwa nani analala chumba gani, familia ipi inateka maji siku ipi, na wajukuu gani wasilazwe mkeka mmoja kwa sababu watapigana. Ukurasa wa mwisho una orodha ya nyumba kumi na moja.

Hizo ni nyumba za majirani tunaowapelekea pilau siku ya Krismasi. Zote ni za Waislamu. Orodha hiyo aliianza baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka bara, na alipofika mtaani hapakuwa na nyumba nyingine ya Wakristo. Krismasi yake ya kwanza alikwenda kwa jirani wa upande wa pili wa ua wa makuti, kijana mwenzake aliyekuwa akiuza samaki wakavu, akamwomba aje amchinjie mbuzi, ili mtaa mzima uweze kula. Jirani akaja na kisu chake mwenyewe.

Tangu hapo amekuja kila mwaka, na sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo. Jua likianza kupanda humlaza mbuzi akielekea kibla, husoma Bismillahi, huchinja, husuuza kisu, kisha hurudi kwake kuoga. Sikuwahi kumwona akisubiri nyama ipikwe. Mchana baba alibeba sahani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila mlango alisema, "Ni mkono wa jirani yetu. Kuleni bila wasiwasi." Kwa jirani mwenyewe alisema, "Ni mkono wako." Baba alipofariki, jirani alikaa msibani kwetu siku zote za matanga, na Krismasi iliyofuata kazi ya kubeba sahani ikawa yangu, pamoja na maneno yake. Sahani zilirudi na visheti au ndizi, na nyumba isiyokuwa na kitu iliweka hata malimau mawili, kwa sababu mtaani kwetu sahani hairudishwi tupu.

Mwaka juzi mdogo wangu anayenifuata alikuja kutoka Dar na mke na watoto wanne. Alikuwa amehamia kanisa jipya. Jioni ya kuamkia Krismasi, tukichambua mchele uani, alisema mbele ya wote, "Kaka, hivi bado tunaita mtu wa nje aje kutuombea nyama yetu?"

"Hatumwiti kutuombea," nilisema. "Tunamwita achinje ili majirani wale."

"Na sisi tunakula nini? Dua yao. Familia nzima ya Kikristo, Krismasi, tunakula dua yao. Mimi na wanangu safari hii hatuli."

"Basi kesho utakula wali na kachumbari," dada mkubwa alisema. "Nani atakulazimisha? Nyama itabaki nyingi kwetu."

Watu walicheka. Mama hakucheka, lakini mama ana miaka zaidi ya themanini na mara nyingi hasikii vizuri. Nilidhani jambo limekwisha.

Asubuhi jirani alimchinja mbuzi wetu kama kawaida. Mbuzi mmoja hakutosha kwa watu wote wale, kwa hiyo wa pili alikuwa njiani kutoka Kilangala, analetwa na shemeji kwa bodaboda. Mimi nilikuwa na zamu ya kusoma somo kanisani. Nilimwambia dada mkubwa, "Huyo mbuzi akifika, mwiteni Mzee. Yuko kwake mpaka adhuhuri, nimemuuliza."

"Nenda zako, utachelewa. Unadhani bila wewe hatujui hata kumwita mtu?"

Niliporudi, mbuzi wa pili alikuwa amekwisha kukatwakatwa na nyama yake imo katika sufuria moja na ya kwanza.

"Mzee alikuja?"

"Alikuja, kamaliza, kaondoka," alijibu dada, macho yake kwenye vitunguu.

"Mama?"

"Kaandae sahani, mwanangu," mama alisema. "Wali unaiva."

Naandika majibu hayo kama yalivyokuwa kwa sababu nimeyarudia mara nyingi. Dada alisema uongo. Mama hakusema uongo, hakunijibu tu. Nilipanga sahani kumi na moja, nikazifunika kwa makawa, vile vifuniko vya ukili, nikazipeleka, na kila mlango nilisema maneno ya baba. Jirani alikuwa akijiandaa kwenda msikitini. Nilimwambia, "Ni mkono wako, Mzee." Akasema, "Alhamdulillahi. Mwambie mama yako nitakuja kumsalimu."

Siku mbili baadaye tulikodi Coaster tukaenda Kiswere. Hayo ndiyo matembezi yetu ya kila likizo. Tunanunua samaki kwa wavuvi, tunawachoma kivulini, watoto wanaoga, na dada zetu wanaimba nyimbo za kwaya za zamani huku wakibishana maneno. Ni siku ninayoipenda kuliko Krismasi yenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani kuosha samaki. Niliporudi na ndoo, wote walikuwa wamekaa wakitazama bahari, wamenipa mgongo, na mdogo wangu alikuwa akisimulia.

"Mtaa mzima wa Mtanda umekula baraka zangu! Nimemshika mbuzi pembe, nikasema kwa jina la Yesu, kisu kimoja tu. Sasa hivi mzee yule wanaume wa msikitini wanamshangaa, mbona siku hizi uso unang'aa?"

Walicheka wote. Kaka mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alicheka mpaka akafuta macho. Mke wa mdogo wangu alimpiga mumewe begani akisema, "Mwache bwana, utakuja kusikika." Dada mkubwa ndiye aliyegeuka kwanza akaniona. Niliweka ndoo chini. Nakumbuka niliiweka taratibu, maji yasimwagike.

"Mlisema mlimwita," nilimwambia.

"Kaka, usianze," mdogo wangu alisema. "Mzee kala, kashiba, yuko hai. Kuna kilichomdhuru?"

"Nani mwingine alijua?"

Walianza kuchezea mchanga na kukunja khanga, na hilo lilitosha. Niliwatazama mmoja mmoja. Wote wanane walijua, na wake zao na waume zao. Watoto wakubwa walijua. Kwa siku mbili nilikuwa nimekula nao, nimesali nao sala ya jioni tukishikana mikono, na katika duara lote lile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

"Mngeniambia," nilisema. "Tungepika sufuria mbili. Ni jambo rahisi."

"Tungekuambia, ungebeba sahani?" dada mkubwa aliuliza. "Usingebeba. Ungekwenda kumwita Mzee, huyu angepakia wanawe arudi Dar siku ya Krismasi, mama angelia. Na sahani akipeleka mtu mwingine, watauliza wewe uko wapi. Mkono wanaouamini ni wako. Sasa ulitaka tufanyeje?"

Alikuwa ameeleza kila kitu sawasawa. Hawakunisahau. Walinifikiria kwa makini, wakaona kwamba bila mimi uongo wao hautafika nyumba ya pili, wakaamua nisijue.

Nilikwenda kuchuchumaa mbele ya mama. "Mama, na wewe?"

Alinishika kiganja. "Nilitaka watoto wangu wote tisa wawe nyumba moja siku moja," alisema. "Ni siku moja tu kwa mwaka, mwanangu. Mdogo wako alikuwa ameshaanza kufunga mabegi."

Samaki walichomwa, nikala kidogo. Kurudi nilikaa mbele na dereva.

Kesho yake alasiri nilikwenda kwa jirani. Sitadai kwamba nilikwenda kwa ushujaa. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikikaa na habari hiyo wiki moja nitazoea, kama wao walivyokuwa wamezoea kwa siku mbili. Alikuwa amekaa barazani akikarabati mkoba wa ukili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, mtoto wa Mwalimu. Wageni hawajambo?"

Nilimweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio: mbuzi wa kwanza, mbuzi wa pili, kanisani, sufuria moja, Kiswere. Aliendelea kusuka mpaka nilipofika kwenye sufuria. Hapo akaweka mkoba chini.

"Wewe ulijua lini?"

"Jana, Mzee."

"Na mama yako?"

Nilitamani kumficha mama. "Siku ile ile," nilisema.

Aliokota kipande cha ukili kilichoanguka, akakiviringisha kidoleni. Kisha akasema, "Aliyekula bila kujua hana dhambi. Hilo dogo, lisikusumbue."

"Nisamehe, Mzee. Nilikuambia ni mkono wako."

"Wewe umesema ulichoambiwa. Lakini nikuulize. Nimekula kwenu tangu sijaoa. Baba yako alikuwa akiniletea sahani hapa, anasema maneno yale yale, nami nafunua nakula. Sasa nakaa hapa nazikumbuka sahani zote. Nitajuaje?"

"Baba asingefanya hivyo."

"Ndivyo ninavyotaka kuamini," alisema. "Zamani nilikuwa sitaki kuamini, nilikuwa najua."

Alimwita mkewe alete sahani yetu. Ilikuwa imeoshwa vizuri. Mkewe alikuwa ametia visheti ndani yake, bila shaka tangu siku ya Krismasi yenyewe. Mzee alivimimina kwenye kawa lake, akanipa sahani tupu, kwa mikono miwili.

Nyumba kumi zilizobaki nilizipitia kwa orodha yangu, siku ile na iliyofuata. Mama mmoja muuza maandazi aliniangalia akasema, "Sasa baba, ulitaka nifanyeje, niitapike? Nenda zako, umeniharibia chai." Mwingine alinisikiliza nusu mlango, akashukuru, akafunga. Wawili walisema Mungu ndiye anayejua. Mmoja alicheka sana, akasema hata yeye mbuzi wa sherehe ya mwanawe hakumbuki nani alichinja. Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Sahani zote zilirudi, na hakuna iliyorudi na kitu.

Habari zilifika nyumbani kabla sijamaliza orodha. Mdogo wangu aliondoka siku hiyo hiyo. Alipofika Dar aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kaka, umetuuza kwa watu wa nje. Damu yako mwenyewe." Chini yake wadogo zangu wanne waliweka alama ya viganja vilivyokutanishwa, kama kusema amina. Kaka mkubwa aliandika kwamba ukweli pia una wakati wake. Nilisoma maneno yale mara kadhaa, nikiwa nyumbani kwa baba, mahali ambapo wote wamezaliwa na ambapo ni mimi ninayebadilisha mabati. Sikujibu. Sikujitoa kwenye kundi, kwa sababu humo ndimo mama hutumiwa picha za wajukuu, nami ndiye ninayemwonyesha.

Idd iliyofuata, sahani tulizozoea kuletewa na majirani zilikuja kutoka nyumba nne tu. Ya jirani haikuwamo. Hatukuacha kusalimiana. Aliuliza hali ya mama kila siku kupitia ua wa makuti, na mama alimjibu kutoka alipokaa, lakini hakuja kumsalimu kama alivyoahidi, na mama hakuuliza kwa nini. Alijua.

Krismasi iliyopita walikuja watoto wanne tu kati ya wanane. Mdogo wangu hakuja. Wiki moja kabla nilikwenda kwa jirani kumuuliza kama nimtafute mtu mwingine wa kuchinja.

"Kwani mimi nimekufa?" alisema.

Alikuja jua likianza kupanda, na kisu chake. Mbuzi alikuwa mmoja. Alimlaza, akasoma, akachinja, akasuuza kisu kwa maji niliyommiminia. Nilichukua mkongojo wake nimpe aondoke.

"Weka hapo," alisema. "Niletee kigoda."

Nilimletea. Alikiweka karibu na mafiga, akakaa kuelekea sufuria. Alitazama mbuzi akichunwa, akatazama nyama ikikatwa, ikioshwa, ikiingia. Dada mkubwa alipikia pembeni yake, jasho likimtoka. Mama alitolewa kiti chake akaja kukaa upande wa pili wa moto. Wazee wale wawili walikaa hivyo asubuhi nzima wakizungumza juu ya miguu yao inayouma, na juu ya bei za samaki za zamani, na macho ya mzee hayakuondoka kwenye sufuria. Nilimletea chai, akaipokea bila kugeuka.

Wali ulipoiva nilimpakulia pale pale. Neno la baba lilinifika mdomoni kwa mazoea. Sikulisema. Alinawa, akasoma Bismillahi, akala. Nami nilichukua sahani kumi zilizobaki, nikaanza na nyumba ya kwanza kwenye orodha, nikiwa sijui bado nitasema nini mlangoni.