Roman yenye ilikosa page za mwisho, na bwana mwenye nilichagua

Jambo yenu bote, bakubwa wa humu. Miye ni Mama Adolphine wa Hewa Bora. Masomo yangu ilikomea primaire, muvumilie maandiko. Haya maneno ni ya kweli, na bamoja benye nitabataja bangali hai.

Nimeona banamuke vijana banabishana humu juu ya roman, vitabu vya hadithi za mapendo na hatari, kwa nini bwana wa mule ndani anapendeza hivi. Basi nibaambie yangu.

Ni wakati wa Zaïre, tunaishi mu kambi ya mine, kule banachimba shaba. Sisi banabinti tulikuwa tunaenda ku foyer kujifunza kushona. Odette Kabedi, mutoto wa mwalimu, alijua Kifaransa sawasawa. Sisi tunashona, yeye anasoma roman na kuigeuza mu Kiswahili pale pale.

Kulikuwa moja hivi. Nyumba kubwa ku mulima, binti amekuya kufanya kazi, na bwana wa nyumba hasemi. Kuko chumba chenye amefunga, fungulo iko ku shingo yake. Bibi yake wa kwanza alipotea.

Ni yeye alimuua, ao hapana?

Honorine Mwamba, mwenzetu wa kushona, alikuwa anajichoma sindano kwa hofu. Na bote tulimupenda ule bwana.

Sasa, page za mwisho hazikuwako. Odette aliipata ku soko kwa mama wa kalanga, na ule mama alikuwa amekwisha kufungia bantu kalanga mu zile page. Benye umri yangu banajua, karatasi haikuwa ya kutupa.

Basi mwisho tulijitungia sisi wenyewe: bwana ni muzuri, kunyamaza kwake ndiyo mapendo yake.

Wakati ule ule, vijana babili balikuwa banakuya kwetu juu ya kunioa.

Wa kwanza, Albert Kasongo wa ku reli. (Majina ya kikristu ilikatazwa na serikali, lakini mu nyumba tuliitana vile.) Huyu alisema yote. Siku moja akaniambia mbele ya Odette:

"Adolphine, miye sina siri. Niko na baiskeli, na maharagi inaniumiza tumbo. Sasa unajua yote."

Odette akacheka. "Huyu hawezi kujaza hata page moja."

Wa pili, Raphaël Ilunga, dereva wa kamiyo ya mine. Anakaa, anakunywa maji, anakuangalia, anaenda. Ku shingo, fungulo ya sanduku yake ya chuma.

Nilipoona ile fungulo, nilikuwa nimekwisha.

Nikaolewa na Ilunga. Hakunipiga, posho alileta. Tunakula bukari, yeye kimya, na miye najiambia iko siku atafungua roho yake. Juu ya sanduku sikuuliza hata mara moja. Niliona kuuliza ni kuharibu.

Kisha asubuhi moja akapandisha sanduku ku kamiyo.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kolwezi."

"Utarudia lini?"

Akaniangalia vile aliangaliaka, akawasha kamiyo. Ndugu yake ndiye alikuya kuniambia: kule kulikuwa bibi yake na batoto, tangu mbele hajanioa miye. Mule mu sanduku mulikuwa nini, mupaka leo sijui.

Miye nikahamia hapa Hewa Bora. Na nani alikuwa nyuma ya lupango yangu, ukuta mumoja tu kati yetu? Kasongo na bibi yake Véronique. Miaka yote nilimusikia akirudi kazini, anamuelezea kila kitu: nani alichelewa, nani aliangukia mu matope. Véronique anamuambia, "Papa, kula kwanza." Miye nachagua muchele na kusikiliza.

Kasongo alipokufa, ku matanga, Odette alikaa pembeni yangu ku mukeka.

"Unakumbuka ile roman? Niliiona nzima, kwa ba-sœur wa misioni."

"Na ule bwana?"

"Binti alisimama mbele ya mulango wa kile chumba akamuambia: sema. Na yeye akasema. Page na page anasema tu, mupaka nilichoka."

Ndani, Véronique alikuwa analia: "Nyumba imenyamaza, Papa, nani ataniambia habari ya ku reli?"

Tulipenda bwana kwa page zenye tulikuwa nazo. Na ule binti, mwenye kuuliza, hakuna hata mumoja wetu mwenye alimufuata.

Ninyi benye kusoma roman, mwenye kukupendeza mule ni nani? Na wako wa ku nyumba, umemuuliza? Muandike. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.