Posa Iliyojibiwa na Katuni

Kilichonishtua kwanza ni vigelegele. Havikuwa vile vya nyumba ya tatu au ya nne ambavyo mtu wa mtaa wetu wa Kiembeni huvisikia kila mwisho wa juma na kuendelea na shughuli zake, hivi vilikuwa vya karibu mno, vimeupenya mlango wangu, vikapenya na vidude vya kusikilizia nilivyokuwa nimevishindilia masikioni, na kwa kuwa wakati huohuo mtoto mmoja wa katuni alikuwa ametumbukia ndani ya tangi la maji huku amekumbatia fenesi, mimi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, niliandika kwenye tahakiki yangu: "Vigelegele vimetumika hapa kwa ubunifu mkubwa." Sentensi hiyo ninayo mpaka leo. Nimejaribu kuifuta nikashindwa, maana ndiyo ushahidi wangu pekee kwamba sikujua lolote, na ingawa naona aibu kuyasimulia haya, ninyi ni wenzangu, na ni bora mcheke mkijua mnachokicheka, kwani mwenzenu alicheka bila kujua na nusura aolewe.

Nianze na kazi yenyewe. Tasnifu yangu inahusu vichekesho vya kuanguka, kujigonga na kumwagikiwa, na msimamizi wangu alinitaka nihakiki vipindi vya katuni ya watoto watatu wa mtaa mmoja ambao hawana kazi ila kupanga njama. Kila kipindi hutamani kitu cha jirani yao, mzee mwenye masharubu marefu, leo fenesi, kesho baiskeli, wakachora ramani mchangani, na kiongozi wao, msichana aitwaye Chiriku, husimama juu ya ndoo akatangaza, "Mpango huu hauna kasoro." Baada ya hapo ngazi huvunjika, gunia la unga hupasuka, na anayenaswa mtegoni ni yuleyule aliyeutega. Mbinu yangu ya uhakiki (niliibuni mwenyewe na kuitetea mbele ya jopo huku jasho likinitiririka) ni kwamba katika utazamaji wa kwanza mhakiki asijizuie kucheka hata kidogo, kwa kuwa kicheko kisichozuiwa ndicho kipimo cha kweli, na uchambuzi ufuate baadaye. Mbinu hii bado naiamini, ila sasa najua kwamba inahitaji mlango mnene.

Asubuhi ya siku ile mama aliniambia kwamba mchana tungepata wageni wa heshima kutoka Likoni, kwa hiyo nikae chumbani na nisitoke mpaka niitwe. Mtu mwingine angeuliza ni wageni gani hao. Mimi niliuliza kama stima ingekuwepo, umeme usije ukanikatikia katuni. Aliponihakikishia kwamba ingekuwepo nilifurahi, nikajipaka mafuta ya nazi kichwani, nikafunga nywele kwa mfuko wa nailoni (wa zamani, wa kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku, mama anautunza kama dhahabu), nikavaa dera langu la kulalia lililochanika pindo, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo uliozaa mengine yote: ili makelele ya katuni yasiwaudhi wageni, nikavaa vidude vya kusikilizia. Nilivivaa kwa adabu, wallahi.

Kwetu, posa ikija, wanaume hukaa barazani na baba, wanawake hukaa sebuleni na mama, na jibu la mwali halitolewi mbele za watu. Shangazi husimama nje ya mlango wa chumba pamoja na shahidi wa upande wa pili, akamuuliza mwali mara tatu, kisha wakasikiliza. Mwali akinyamaza, ameridhia na haya zimemzidi. Akilia, ameridhia na anawahurumia wazazi. Akicheka, ameridhia na furaha juu. Haya yote nayajua tangu utotoni, na nimewahi kusimama ukutani nikimsikiliza dada yangu akiulizwa. Ambacho sikukijua ni kwamba siku ile aliyekuwa akiulizwa ni mimi.

Kwa mujibu wa Shangazi Zuhura, ambaye nimemhoji zaidi ya mara moja, alipouliza mara ya kwanza nilinyamaza (watoto walikuwa bado wanachora ramani). Alipouliza mara ya pili nilicheka kidogo, kwa staha (ngazi ilikuwa imeanza kutikisika). Alipouliza mara ya tatu ndipo lilipokuja lile tangi, nami nikacheka mpaka nikaupiga ukuta mateke. Shangazi anasema kwamba katika umri wake wote hajapata kumsikia mwanamke mwenye hamu ya kuolewa kiasi kile.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia machozi yakimlenga, nyuma yake mama mmoja mnene wa buibui aliyenukia udi, wakanikumbatia kwa zamu, na yule mama akanitandika leso mpya mabegani, juu ya dera lile. Nilivua vidude masikioni nikasema "Abee, shangazi," kwa kuwa hilo ndilo jibu salama kwa jambo lolote usilolielewa. Nilikisia kwanza kwamba jopo limepitisha tasnifu yangu, lakini nikajiuliza habari hiyo ingewafikiaje wanawake wa Likoni kabla haijanifikia mimi. Kisha nikakisia kwamba wamekosea chumba, ila nyumbani kwetu mabinti wengine wote wamekwisha kuolewa.

"Salim atafurahi huyo," alisema shangazi.

"Salim yupi?"

"Asema Salim yupi," shangazi akamwambia mwenziwe, na wote wawili wakacheka kwa upole. "Haya hizo, Bi Amina. Mwanamwali wetu ana haya."

Hapo jina likanijia pamoja na uso. Salim ni fundi wa friji mwenye karakana Magongo, aliyekuja kututengenezea yetu Ramadhani iliyopita, na maneno pekee aliyowahi kuniambia ni kwamba nisiwe natia sufuria la moto ndani. Baadaye mama aliniuliza namuonaje yule fundi, nami nikajibu, kwa usahihi wote nilionao, kwamba kazi yake ni safi na hana maneno mengi. Sikujua kwamba naulizwa juu ya maisha yangu. Bi Amina huyu aliyenivika leso ndiye mama yake.

Nikasema, polepole na kwa sentensi kamili, kwamba mimi nilikuwa nikicheka katuni.

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akanipapasa shavu. "Mambo ya katuni utazungumza na mumeo."

Bi Amina akarudi sebuleni akiimba. Nilimshika shangazi mkono nikamuuliza nini kinafuata, akanieleza kwamba wanaume wamekwenda msikitini kuswali alasiri, na wakirudi tu watasoma fatiha. Ninyi mnajua maana yake. Kabla ya fatiha kuna mazungumzo. Baada ya fatiha kuna ahadi, na mwenye kuivunja huwa amemtia baba yake aibu mbele ya watu walioinua mikono ya dua pamoja naye. Na mimi, niliyezoea kuandika kurasa nne kabla ya kukubali fasili ya neno moja, nilikuwa na muda wa swala moja.

"Shangazi, mtu akitaka kukataa hufanyaje?"

"Husema hapana."

"Basi mimi nasema hapana. Au, kwa usahihi zaidi, sijasema ndiyo."

"Umechelewa, mwanangu. Hapana husemwa pale mlangoni. Huu wako ni woga, na woga ni wa kila mtu."

Akaondoka. Nilibaki nimesimama na leso yangu, nimechanganyikiwa kwa namna ambayo sijawahi kuchanganyikiwa hata nikisoma nadharia ngumu, kwa kuwa nilipojaribu kuorodhesha ishara zote ambazo binti anaweza kuzitoa nyuma ya mlango, kila moja niliyoifikiria ilikuwa ni ndiyo. Na lililonitatiza zaidi ni kwamba, nilipojiuliza kama simtaki Salim, sikupata jibu. Sikuwa na chuki naye. Nilichokijua ni kwamba swali limeulizwa mimi sikuwepo.

Nikaamua kumpata mama. Ningetoka kwa mlango wa nyuma, nizunguke nje, niingie jikoni, na kutoka hapo nimpungie mkono yeye peke yake bila sebule nzima kuniona. Mpango huu, nilijiambia, hauna kasoro.

Nilifika jikoni salama. Nikachungulia sebuleni, nikampungia mama mkono. Akageuka Bi Amina, wakageuka na wengine wote, wakamuona bi harusi mtarajiwa na mfuko wa nailoni kichwani, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye nyusi, akiwapungia mkono. Vigelegele vikapasuka upya, nikarudi kinyumenyume kwa mshtuko, nikakanyaga lile pindo lililochanika, na nikaketi, kwa uzito wangu wote, ndani ya sinia la kaimati za wageni zilizokwisha kutiwa shira ya sukari. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikalia. Nikasikia Bi Amina akiwaambia wenziwe, kwa sauti ya kuridhika kabisa, "Na kulia pia. Alhamdulillahi."

Mama alikuja akafunga mlango wa jikoni. Alinitazama mimi, akazitazama kaimati, na nadhani alishindwa kuamua aanze na kipi. Nikamweleza yote tangu fenesi mpaka kaimati. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa juu ya kigoda.

"Rukia, baba yako ametoka hapa kwenda msikitini akitabasamu. Simtetei, nakwambia tu. Kama hutaki, hakuna wa kukulazimisha, mimi wa kwanza. Lakini nitakwendaje pale sebuleni nikawaambie kwamba mwanangu alikuwa akimcheka mtoto wa ndani ya tangi? Watasema tumewaita kuja kuwafanyia mzaha."

"Sitaki kukataa, mama. Nataka kuulizwa."

"Basi upande wetu hauna tena mtu wa kuuliza. Wanaoweza kusema tungoje, bila mtu kuvunjiwa heshima, ni wao."

Alitoka, akaniacha na maneno hayo. Nilisimama, shira ikinidondoka nyuma, nikamaizi kwamba natazamana na friji. Kwenye mlango wake, juu ya sumaku yenye umbo la nanasi, kipo kibandiko nilichokiona kila nilipochukua maji baridi tangu Ramadhani: Fundi Salim, Friji na Feni, na namba yake ya simu chini. (Mposaji haji kwenye posa yake, kwa hiyo alikuwa kazini, kama watu wote wasio na hatia.)

Kabla sijawaambia alichosema, niseme kwamba tangu siku ile, nikihakiki kipindi, navaa kidude kimoja tu. Sikio la upande wa mlangoni naliacha wazi, na sicheki mpaka nihakikishe nje hapana shangazi. Mbinu imeharibika kisayansi, najua, lakini mhakiki yuko salama.

Nikapiga. Alipopokea, nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake.

"Fundi Salim? Ni Rukia, wa Kiembeni."

Mashine ikazimwa. "Friji imeharibika tena?"

"Friji ni nzima," nikasema, kisha nikamwambia yote kwa sentensi moja ndefu isiyo na nukta, vidude, ngazi, shangazi, tangi, kaimati, na kwamba sina neno baya juu yake wala jema, ila wanaume wakitoka msikitini fatiha itasomwa juu ya kicheko ambacho hakikumhusu.

Akanyamaza.

"Kaka Salim, tafadhali usinyamaze. Leo nimeona kimya kinavyofanya kazi."

Akacheka.

"Wala usicheke."

"Haya, nasema kwa maneno," alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza. "Nampigia mama sasa hivi. Nitamwambia nimeomba mimi mwenyewe tungoje, nije nikuulize mlango ukiwa wazi na baba yako amekaa hapo. Fatiha haisomwi leo."

"Atakasirika."

"Atanikasirikia mimi. Amezoea." Kisha akasita kidogo. "Lakini nikija, Rukia, utajibu nini?"

Lilikuwa swali la haki, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nikalifikiria upande huu, nikaligeuza upande ule, friji ikivuma mbele yangu bila tatizo lolote, mpaka nikagundua kwamba nimekaa kimya muda mrefu mno.

"Hiki kimya kisihesabiwe," nikamwambia haraka. "Bado nafikiri."