Soda za Zaina

Harufu ya ndagala wakianikwa juani ndiyo ilikuwa hewa yetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mkate wa asubuhi. Samaki hao wadogo tuliwala wazima, kichwa na miba yote, na hakuna aliyewaona kuwa chakula cha maana. Walikuwa chakula cha kila siku, na kwetu mgonjwa hapewi chakula cha kila siku. Nikikumbuka hilo, hadi leo hasira inanipanda.

Msimu mmoja wa mvua mdogo wangu, Zaina, aliteleza kwenye njia ya michikichi kule Kizuka, akavunjika mguu chini ya goti. Muunga mifupa alimnyoosha, akamfunga kwa vijiti na vitambaa, akasema apumzike. Mtaa mzima ukaja kumjulia hali, na aibu iliyoje kuja mikono mitupu! Wakaja na soda. Nyeusi, nyekundu, za rangi ya chungwa, zikapangwa chini ya kitanda, na mama akawaonyesha wageni kwa fahari, maana wingi wa chupa ulionyesha jinsi mtoto anavyopendwa. Soda na mkate mweupe, hiyo ndiyo heshima. Ndagala wakaondolewa kwenye sahani yake. Hata maji akanyimwa, eti mgonjwa hanyweshwi maji kama kuku.

Jirani yetu mmoja aliyefuga ng'ombe alimletea maziwa kwenye kibuyu. Shangazi, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani, akamzuia mlangoni.

"Murakoze, asante sana, mama, lakini rudi nayo. Hapa tumekula samaki."

"Na mgonjwa amekula?"

"Nyumba iko moja, sufuria iko moja. Samaki na maziwa! Unataka mutoto atoke mabaka mwili mzima?"

"Basi nitaleta kesho."

"Kesho pia tutakula samaki. Huku ni ziwani, mama, si kwenye malisho."

Watu wakacheka. Jirani naye akacheka kwa adabu, akaondoka na maziwa yake. Mimi nilimtazama Zaina. Samaki alinyimwa kwa sababu anaumwa, maziwa alinyimwa kwa sababu sisi tunakula samaki. Nilipouliza ni nani basi anayekula, shangazi alinipiga kofi la mdomo.

Vijiti vilipofunguliwa Zaina alianza kutembea. Haukupita muda mrefu, akashuka kizingitini tu, mguu ukavunjika palepale. Safari hii tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza mama mtoto amekuwa akipewa nini. "Soda, kila siku, hakukosa hata siku moja," mama akajibu, akingoja sifa. Muuguzi akasema huenda mfupa ulifungwa vibaya, hawezi kuapa. Wala soda haiyeyushi mfupa kama watu wanavyodai. "Lakini haiujengi, mama. Inajaza tumbo tu, na vile vinavyojenga vinakosa nafasi." Mama alilia. Shangazi alisema wauguzi wa siku hizi hawana heshima.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga Uvira, Kigoma, Bujumbura, na kila mahali nimewauliza watu wa afya swali hilohilo. Majibu hayapishani sana: maziwa na ndagala wenye miba yao vinaujenga mfupa, soda ikichukua nafasi yao inaunyima. Yaani dawa tulikuwa tunaianika uani, na mtoto tukamlisha povu kwa mapenzi! Zaina anachechemea hadi leo.

Zamani angalau soda ilingoja ugonjwa au sikukuu. Leo pale ufukweni Magara, wavuvi wanawauzia wachuuzi samaki wote, na watoto wao wanashinda na chupa za plastiki mkononi. Mwaka huu nilirudi Rumonge kwa Idi. Wifi yake Zaina, dada wa mumewe na mgeni wa heshima, alimmiminia soda binti wa Zaina ambaye hata kutembea hajazoea. Zaina akainuka, akachechemea hadi pale, akachukua kikombe na kukimwaga uani mbele ya wote.

"Wifi, umetuona wachawi?" mgeni akauliza.

"Nimewaona wageni," Zaina akajibu. "Karibuni mule, munywe mutakacho. Miguu ya huyu nitaichunga mwenyewe."